WAZO LA LEO: Siku Moja Nansio

Wazazi wa Geita na Shinyanga, likizo hii wavusheni watoto Ziwa Victoria hadi Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe. Mkishashuka kivukoni, msiwe na haraka. Pitieni sokoni mkaone sato wabichi na dagaa walioanikwa juani, msalimiane na wavuvi. Kisha waambieni watoto kwamba kisiwani hapa aliishi mwandishi Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Mtoto anayekua akisikia habari za dhahabu ya mkoani kwake kila siku ajue kuwa kalamu na subira navyo ni utajiri. Nauli ya safari hii si hasara, ni malezi.