Dhiki ya Moyo Si Upungufu wa Imani

Ndugu zetu Waislamu wa Machakos,

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kusema nanyi juu ya maradhi yasiyoonekana kwa macho, nayo yamo majumbani mwetu.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, makao ya serikali yaliyokuwa hapa kwetu yalihamishiwa huko, na riziki nayo ikahama. Leo mtu huondoka Machakos kabla ya Alfajiri, kilomita 60 na zaidi ndani ya matatu. Akifika Mlolongo, magari yamesimama, na moyo wamgonga kwa kumchelea tajiri wake. Jioni huirudia njia ile ile, akawakuta watoto wamelala. Naye ajilazapo, simu humlilia: mkopo alioukopa kwa simu hiyo hiyo wataka kulipwa kesho.

Mtu huyu akikosa usingizi mwezi mzima, akawa mkali bila ya sababu, akalia peke yake, sisi humwambia nini? Wako wamwambiao kuwa imani yake ni dhaifu. Wengine husema ana jini, wakampeleka kwa mganga, na mganga akamwandikia hirizi na kumtaka mbuzi mweusi. Basi aliyekwenda na deni moja hurudi na mawili!

Hatukatai dua, wala hatukatai kumsomea mgonjwa Kurani. Tukataacho ni biashara hii, na hiyo lawama.

Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka. Nani atakayethubutu kusema kwamba alipungukiwa na imani? Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akaomba kukingwa na uzito wa deni. Aliyajua haya kuwa ni mizigo ya binadamu, na kwamba mmoja huuvuta mwingine.

Tena iko khabari ya Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman alimkataza, akamweleza kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na ahali wake vile vile; na Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa hata kwa ajili ya ibada haifai kuidhulumu nafsi, itafaa kwa ajili ya mshahara?

Wanazuoni wetu hawakuona haya kulisema jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, nayo yahitaji matibabu. Zaidi ya miaka 1000 imepita, nasi twamwendea daktari kwa homa, lakini kwa moyo twamwendea mpiga ramli!

Kujiua ni haramu, hapana shaka. Lakini aliyefikishwa ukingoni na maradhi, jela itamponya? Sheria ya Kenya ilimhesabu mtu huyo kuwa mkosaji hata Januari 2025, ndipo Mahakama Kuu ilipohukumu kuwa kifungu hicho, cha 226, chapingana na Katiba. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Mtu kama huyo na apelekwe hospitali upesi, asiachwe peke yake, wala asihubiriwe.

Na sisi wenye darsa tulikuwa na kosa letu. Tulikuwa tukiirefusha darsa ya Alkhamisi hata saa tano za usiku, na wasomaji wetu wapaswa kuamka saa tisa. Tangu wiki hii tutasoma nusu saa tu baada ya Isha, kisha watu waende wakalale. Aliye na deni lililomshinda na abaki kidogo, tuzungumze naye faraghani.