Haya Isiwe Kaburi la Mgonjwa

Siku moja baada ya darasa la kina mama hapa Kilambo, dada mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wakatawanyika. Akaniuliza huku macho yake yako kwenye mkeka: "Ustadhi, mtu ambaye mkojo haumkatiki, swala yake inasihi?"

Nikamjibu kama nilivyosoma. Wakati wa swala ukiingia, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe na aswali bila kuchelewa. Kitakachomtoka ndani ya swala hakimdhuru, na kila swala ya faradhi ataitawadhia upya. Akashukuru, akaondoka. Nami nikarudi nyumbani nimeridhika na elimu yangu.

Mke wangu ndiye aliyenizindua. "Umemjibu swala tu? Hukumuuliza anaumwa nini?" Nikasema niliona haya. Ndipo akanieleza jambo ambalo kina mama wote wanalijua na wanaume hatulisikii: dada yule alikaa na uchungu siku mbili, akajifungua mtoto mfu, na tangu hapo mkojo unamtoka wenyewe. Mumewe amehama chumba.

Ndugu msomaji, tujiulize kwa uadilifu: ile yangu ilikuwa haya, au ilikuwa woga uliovaa kanzu?

Wapo watakaosema kuwa mambo ya chumbani hayafai kuandikwa gazetini. Hoja yao ina msingi, kwani Uislamu umewakataza wanandoa kutangaza siri za kitandani. Lakini kutangaza siri ni jambo moja, na kueleza ugonjwa ili utibiwe ni jambo jingine. Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuhusu damu isiyokatika, naye akambainishia kuwa ile ni damu ya mshipa wala si hedhi. Hakumkemea. Na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ki-Ansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kuijua dini. Haya inayomwacha mtu aangamie kimya kimya haina asili katika Sunna.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fistula ya uzazi. Uchungu unapochukua muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki, nyama hufa, na tundu hubaki. Si uchawi, si laana, wala si adhabu ya zinaa kama wanavyonong'ona baadhi ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka wanawake kati ya 50,000 na 100,000 hupatwa na maradhi haya.

Na yana tiba. Tundu huzibwa kwa upasuaji, na wengi hupona. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wa fistula kwa miaka mingi bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia nauli kwa M-Pesa wale walioshindwa kusafiri. Kwa mtu wa Kilambo, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Mtwara mjini.

Baada ya upasuaji, madaktari huwataka wanandoa wasikutane kwa miezi kama mitatu. Wapo ambao hata baadaye huumia katika tendo la ndoa kwa sababu ya kovu. Hilo nalo ni ugonjwa wa kumweleza daktari, si wa kuvumilia gizani. Na mimba itakayofuata izaliwe hospitali, mara nyingi kwa upasuaji.

Hapa ndipo penye mtihani wa mume. Unyagoni kungwi humfundisha binti namna ya kumtunza mume. Je, kijana wa kiume nani amemfundisha la kufanya mwili wa mkewe unapojeruhiwa? Hata sisi tunaosoma khutba za nikahi hatuligusi. Qur'ani (2:187) imewafananisha mume na mke na vazi. Nguo ikilowa huanikwa, haitupwi. Na jeraha hili mwanamke alilipata akimzalia mume huyo huyo.

Wiki iliyofuata mke wangu alikwenda kwa dada yule, nami nikamwendea mumewe. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ustadhi, mimi niliambiwa amerogwa. Hakuna aliyeniambia kuwa ni kidonda."

Nilikosa la kusema. Mtu huyu huswali nyuma yangu kila Ijumaa. Miongoni mwa wasiomwambia, wa kwanza nilikuwa mimi.

Maimamu na walimu wenzangu, mimbari tunayo. Tuseme kwa heshima, lakini tuseme.

Wallahu aalam.