Mathe Alipoteza Mechi Gani?

Februari 2025 nilikuwa kwa kinyozi Umoja, kichwa kimenyolewa nusu, nikisoma habari kwenye simu. Manchester United walikuwa wametangaza kwamba watapunguza wafanyakazi wengine, hadi 200. Mwaka uliotangulia walikuwa wameondoa takriban 250. Nikasema kwa sauti, "Safi sana. Wafagie nyumba yote." Kinyozi wetu ni wa Arsenal, na kwa kawaida shida za United humfurahisha wiki nzima. Siku hiyo hakucheka. Alizima mashine akaniuliza, "Kwani hao walipoteza mechi gani, buda?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia amalize kichwa.

Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha, na nina sababu yangu ya kulikwepa. Mimi ni mhasibu. Nimewahi kuandika orodha kama ile.

Lakini tuanze na timu. Mkesha wa Krismasi 2023, Jim Ratcliffe, tajiri Mwingereza wa kampuni ya kemikali ya INEOS, alikubaliana kununua robo ya klabu. Familia ya Glazer ya Marekani ilibaki na hisa nyingi, ila mambo ya soka akaachiwa yeye. Sisi mashabiki tulishangilia. Akaanza kupanga upya ofisi: Omar Berrada akatoka Manchester City kuwa mkurugenzi mtendaji, Dan Ashworth akatoka Newcastle kuwa mkurugenzi wa michezo, Jason Wilcox akatoka Southampton kuwa mkurugenzi wa ufundi. Kwenye grupu letu la WhatsApp tuliwapokea watu hawa wa suti kama washambuliaji wapya.

Kisha makato yakaanza. Kazi 250 zikaenda. Baadaye chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi pale Old Trafford kikaondolewa, yakabaki matunda. Oktoba 2024 ikajulikana kwamba kazi ya ubalozi ya Alex Ferguson, iliyoripotiwa kumlipa zaidi ya pauni milioni 2 kwa mwaka, itakwisha msimu ukiisha. Hapo niliwaka. Niliandika aya tatu nzima kwenye grupu kuhusu utu na shukrani. Juzi nilirudi nyuma kutafuta nilichoandika kuhusu wale 250. Lilikuwa neno moja: "Lazima."

Sitaki kujifanya mtakatifu sasa. Hoja ya mwenye mali ina uzito. Katika mwaka wa fedha ulioisha Juni 2024 klabu ilipata hasara ya pauni milioni 113.2, na huo ulikuwa mwaka wa tano mfululizo wa hasara. Machi 2025 Ratcliffe alisema kwamba bila makato hayo, pesa zingeisha kabla ya mwaka kwisha. Mtu aliyezoea vitabu vya hesabu hawezi kulipuuza hilo. Kampuni ikifa, hata wale ambao wangebaki wanakosa kazi. Tena hakuna aliyeahidiwa kazi ya milele.

Sawa. Lakini hasara ilitoka wapi? Mwaka 2005 familia ya Glazer iliinunua klabu kwa pesa nyingi za mkopo, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Yaani timu ikaanza kulipa riba ya kununuliwa kwake. Mwaka 2022 Antony akanunuliwa kutoka Ajax kwa zaidi ya pauni milioni 80. Hata uongozi mpya haukuwa na mkono msafi: Julai 2024 ulimwongezea Erik ten Hag mkataba, Oktoba ukamfuta. Ashworth naye aliondoka Desemba, baada ya miezi mitano tu kazini. Kuachana na Ten Hag na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4, na Ashworth milioni 4.1. Jumla milioni 14.5, kwa maamuzi mawili ya watu wachache mezani. Watu hao hawakuambiwa wale matunda.

Kwa hivyo shida yangu si kwamba watu walipunguzwa. Shida ni foleni ya kuumia. Aliyeamua vibaya alikuwa nyuma kabisa kwenye foleni, na asiyeulizwa kitu alikuwa mbele.

Foleni hiyo naijua, maana nimewahi kuipanga. Miaka kadhaa iliyopita kampuni niliyofanyia kazi hapa Nairobi ilipata mwenye mpya. Tulikuwa na mama wa chai. Ofisi nzima ilimwita Mathe. Alijua nani hanywi sukari, na alijua nani mwezi umemkaba amekuja bila kula, huyo anaongezewa mkate bila kuulizwa. Niliambiwa nitengeneze jedwali la gharama zisizo za msingi. Jina lake kamili nililijua siku hiyo, nikilinakili kutoka kwenye faili ya mishahara. Nilikuwa nimekunywa chai yake miaka mitano.

Mshahara wake ulikuwa shilingi 18,000. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mtu akiondolewa kwa kupunguza wafanyakazi alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Alikuwa na miaka 11. Nikapiga hesabu: shilingi 99,000. Hesabu ilikuwa sahihi, hakuna senti iliyopotea. Wiki hiyo hiyo nilipitisha ankara ya hoteli moja Naivasha, ambako mabosi walikaa siku mbili wakijadili namna ya kupunguza gharama. Ilizidi mshahara wa Mathe wa mwaka mzima. Karatasi zote mbili nilizitia sahihi kwa kalamu moja. Hakuna sheria iliyovunjwa, na mimi sikusema kitu.

Kwa nini sikusema? Woga, ndiyo, kodi ya nyumba haingoji mtu. Lakini nadhani kuna kitu kingine, na hiki nililelewa nacho na mpira. Sisi mashabiki tumezoea kuongea kama wenye timu. "Tumuuze huyu." "Mshahara wake unatuumiza." "Hiyo ofisi imejaa watu wa bure." Tunapigia hesabu pesa za bilionea hadi usiku wa manane, kisha asubuhi tunapanda matatu kwenda kazini, mahali ambapo sisi wenyewe ni mistari kwenye jedwali la mtu mwingine. Tunaitazama ofisi kwa macho ya mwenye mali, na tunaishi upande wa Mathe.

Kuna njia rahisi ya kumtetea Mathe, nami niliitumia kwa muda. Ni kusema kwamba watu kama yeye wana thamani isiyoonekana. United yenyewe ilikuwa na Kath Phipps, aliyeanza kupokea simu pale mwaka 1968 na kukaa mapokezi zaidi ya miaka 50. Alipofariki Desemba 2024, wachezaji wa vizazi tofauti walimlilia. Hakuna jedwali lenye nafasi ya kuandika mtu kama huyo.

Ni hoja tamu, lakini ina tundu. Inasema Mathe alistahili kubaki kwa sababu chai yake ilitufaa. Kesho akija mtu na mashine ya chai yenye gharama ndogo, tumeshindwa mjadala. Na yule jamaa wa stoo asiyesalimia mtu, ambaye hakuna atakayemlilia, yeye je? Haki isiwe zawadi ya watu wanaopendwa.

Nadhani deni liko kwingine. Mathe alitoa miaka 11 ambayo hawezi kuichukua akaiuze mahali pengine. Mwenye mpya aliponunua kampuni, alinunua pia kilichojengwa na miaka hiyo, pamoja na madawati na magari. Huwezi kuchukua faida yake halafu ukamwita mwenyewe gharama isiyo ya msingi. Hilo halimaanishi abaki milele. Linamaanisha kabla hujagusa mkate wake, walioamua wawe wamepoteza kitu kwanza, kitu kinachouma. Na aambiwe na mtu anayemtazama usoni, si kwa barua iliyoachwa juu ya friji, kama ilivyokuwa kwetu.

Wengine wataniambia ningoje matokeo. Msimu ule United ilimaliza nafasi ya 15 kwenye ligi, ikafungwa 1-0 na Tottenham kwenye fainali ya Ligi ya Uropa kule Bilbao. Ningeweza kusema, "Si mmeona?" Lakini huo ungekuwa udanganyifu. Wangelibeba kombe, kinyozi bado angekuwa na haki ya kuuliza alichouliza.

Nilirudi kwake nikamjibu: hakuna mechi waliyopoteza. Akaniambia nikae, kuna watu wanangoja.

Siku hizi niko kampuni nyingine. Mwezi uliopita bosi aliniomba jedwali, maneno yale yale, gharama zisizo za msingi. Safari na vikao vya mabosi nimeviweka mstari wa kwanza. Wanaofagia na wanaopika sijawaandika. Nimemtumia. Hadi leo hajajibu, na mwisho wa mwezi unakaribia.