Kiinua Mgongo cha Siku Sabini

Mji wa Morogoro umeshuhudia viwanda vikifungwa, kikiwamo cha viatu mwaka 1990, na watu wazima wakirejea nyumbani miaka michache kabla ya kustaafu. Siku hizi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa aliyepunguzwa kazi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumika, lakini kwa miaka 10 tu. Basi hata aliyetumika miaka 30 huhakikishiwa siku 70. Je, zitamfikisha kwenye umri wa miaka 60?

Katika Sura Yusuf Mwenyezi Mungu anatufundisha kwamba mavuno ya miaka ya neema yaachwe masukeni, ila kidogo cha kula. Hata bwawa la Mindu huweka maji ya Uluguru ya masika ili yanywewe kiangazi.

Kwa hiyo asione haya kuwaeleza mkewe na wanawe hali ilivyo. Alipe madeni kwanza, aache karamu, wala asitie fedha zote katika biashara asiyoijua. Nasi majirani tusimdharau. Riziki haikuwa mkononi mwa mwajiri. Imo mkononi mwa Mola. Atujalie subira na busara. Amin.