Kutunza Ngoma

Neno kutunza lina kazi mbili kwenye Kiswahili chetu. Mtu hutunza mtoto, hutunza shamba, hutunza barua ya marehemu baba yake chini kabisa ya sanduku isiliwe na mende. Na mtu huyo huyo, akiwa kwenye ngoma, huinuka alipoketi, akakata katikati ya watu hadi kwa mchezaji aliyemgusa moyo, akamtunza: noti kwenye paji la uso, sarafu kiganjani, khanga begani. Kutunza kule kwa kwanza hufanyika kimya, mara nyingi nyuma ya mlango uliofungwa. Huku kwa pili hakufanyiki ila mbele za watu, na siku yake ikipita imepita.

Nimelibeba neno hili tangu niliporudi kutoka Bujora. Bujora ni kilima kidogo eneo la Kisesa, safari fupi kutoka jijini Mwanza ukifuata barabara ya Musoma, na juu yake yako Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Yeye na wazee aliofanya nao kazi walianza kukusanya vitu, nyimbo na maneno katika miaka ya 1950, na makumbusho yenyewe yakaanzishwa mwaka 1968. Kanisa la pale ni la mviringo kama msonge, na ndani yake alama za utemi zimepewa kazi ya ibada. Padri wa zama zile angeweza kuamuru ngoma zichomwe. Wapo walioamuru hivyo kwingineko. Huyu aliziingiza kanisani.

Kuna tarehe moja ambayo mgeni wa Bujora anapaswa kwenda nayo kichwani, nayo ni 1963. Mwaka huo serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi. Usukumani kulikuwa na makumi ya watemi, kila mmoja na ngoma zake, kiti chake, mikuki na vilemba vyake, na ghafla vyote hivyo vikabaki bila kazi. Ngoma ya mtemi ilikuwa na sauti ya amri: ikilia, watu walijua kuna msiba, vita, mvua au mtemi mpya. Sasa amri imeondoka na mti na ngozi vimebaki. Vipelekwe wapi? Viwekwe uvunguni mwa kitanda cha mjukuu? Viuzwe kwa mpita njia mwenye kamera? Baadhi vilipata nafasi Bujora, katika jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ukutani ikachorwa ramani ya himaya za zamani. Namshukuru kila aliyebeba ngoma ya ukoo wake akaipandisha kilima kile. Si jambo dogo kukabidhi kitu ambacho babu yako hakuruhusu hata mtoto akiguse.

Nilifika mara ya kwanza mwezi Machi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, majani ya paa la msonge yalikuwa yakichuruzika, na hewa ndani ilinuka moshi mkavu na ardhi mbichi. Tulikuwa wawili tu, mimi na kijana mwongozaji. Alinionyesha nyumba ya mganga, kisha ya mhunzi, akanieleza habari za Warongo waliofua chuma upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza na jinsi majembe yao yalivyosafiri yakawa mahari. Alieleza vizuri. Hata hivyo nilipotoka nilijiona kama mtu aliyekwenda kumtembelea ndugu akamkuta amelala: umemwona, umehakikisha yu mzima, lakini hamkuzungumza.

"Rudi Juni," kijana aliniambia. "Rudi wakati wa Bulabo."

Bulabo ni maua kwa Kisukuma. Ni jina lililotokana na maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, ambayo tarehe yake hufuata Pasaka, kwa hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Na Usukumani Juni si mwezi wa kawaida. Mvua zimekatika. Mtama na mahindi yameingia ghalani, pamba inafunguka shambani, na mgongo uliokuwa umeinama tangu Novemba unanyooka. Tangu zamani huu ndio msimu wa mbina, msimu wa ngoma. Hakuna aliyekaa kwenye kikao akapanga kwamba Wasukuma wacheze kiangazi. Shamba ndilo lililopanga. Aliyeunganisha sikukuu ya kanisa na mashindano ya ngoma aliiona kalenda iliyokuwapo akaiheshimu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kuliko yote uliofanywa pale, bora kuliko majengo.

Mashindano yenyewe ni ya Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vikubwa vya ngoma, na asili yake husimuliwa hadi karne ya 19, kwa waganga wawili mahodari, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Dawa hiyo huitwa samba. Mpaka leo mtu huzaliwa ndani ya Bagika au Bagalu, au hujiunga, na akitaniwa kuhusu chama chake hujibu kwa moto.

Sasa tazama wanavyoamua mshindi, maana hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na kule. Watu wako huru. Wakivutwa na upande huu, wanakimbilia huku. Kule kukizuka jambo jipya, umati unageuka kama nyasi zilizopigwa na upepo, vumbi linatimka, akina mama wanashika watoto mkono, na ningi, yaani kiongozi wa wimbo, aliyeachwa anajua ameachwa. Atafanya nini? Atalazimika kubuni, papo hapo: wimbo wa kejeli, nyoka mkubwa kutoka kapuni, mchezo wa majembe yanayorushwa juu na kudakwa. Siku inapokwisha, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Miguu ya watu ndiyo kura.

Nilisimama katikati ya uwanja ule, vumbi hadi kwenye kope, nikajikuta nami nakimbia. Nilikimbilia Bagalu, nikarudi Bagika, nikakanyagwa, nikakanyaga, nikaomba radhi, bibi mmoja akacheka akaniambia nisisimame njiani mwa watu. Ule ukumbi wa vyama vya ngoma niliouona Machi, na njuga zake na mavazi yake yaliyotulia, sasa niliusoma upya. Kumbe njuga ile kubwa ilitengenezwa imshinde jirani kwa kelele. Kila kitu ndani ya ukumbi kiliundwa na mtu aliyeogopa kuachwa na umati.

Ndiyo maana moyo unaniuma kidogo nikikumbuka sanamu za mbao za Usukumani zilizoko kwenye majumba ya makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji huko Ulaya na Marekani. Nyingine zina mikono inayochezeshwa kwenye maungio. Zilichongwa ziletwe uwanjani ghafla, mkono uinuke, watu washtuke na wageuke. Zilikuwa silaha za kiangazi. Leo zimesimama kwenye mwanga mdogo, zimepimwa urefu, na hazimshtui mtu. Sisemi kioo ni adui. Mchwa wa kwetu hana huruma, na kioo kimeokoa vitu ambavyo sisi wenyewe tungeviacha vioze. Lakini zimetunzwa kwa maana moja tu ya neno.

Tunaoishi Dar es Salaam tunalo somo letu karibu zaidi. Kila siku makondakta huita "Makumbusho! Makumbusho!" na maelfu ya watu hushuka kwenye kituo hicho, wakanunua vocha na machungwa, wakapanda gari jingine. Kituo kimechukua jina la Kijiji cha Makumbusho kilichoko pale kando ya barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960, chenye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Wangapi kati ya hao wanaoshuka wamewahi kuingia? Ila zipo siku zinazotengwa kwa ajili ya jamii moja, utamaduni ulioanza miaka ya 1990. Watu wa jamii hiyo walioko mjini na wanaotoka nyumbani hukusanyika, hupika, hucheza, huwasimulia watoto wao waliozaliwa Sinza na Mbagala. Siku hizo kijiji huwa kijiji.

Na nyumba hizo zina kalenda yake pia. Paa la nyasi halingoji bajeti. Nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa na kukauka, baada ya mvua. Ukipitisha msimu huo, mvua inayofuata itaingia ndani. Kwa hiyo kazi ya kuezeka ingefaa iwe sikukuu inayojitegemea: waitwe wazee wanaojua kufunga fito, waje na vijana, watu wa mtaani waangalie na wapande ngazi. Ujuzi wa kuezeka ndio kitu cha thamani zaidi katika nyumba ile, na hauwezi kuwekwa rafuni. Unakaa kwenye vidole vya mtu.

Nimewahi kufika kwenye nyumba moja ya historia, mkoa mwingine, nikaambiwa mwenye ufunguo amekwenda mjini. Nilisubiri saa tatu kwenye baraza. Ukutani palikuwa na ratiba nzuri ya mwaka mzima, maonyesho ya robo hii na ile, semina, siku ya wanafunzi. Watoto wa jirani walicheza mpira chini ya ratiba hiyo. Nilipowauliza kuna nini ndani, mmoja akajibu, "Kuna vitu vya serikali." Nililisikitikia jibu hilo kuliko ule ufunguo. Vitu vile vilikuwa vya bibi zake.

Na tumejizoesha kosa jingine ambalo huonekana kama heshima. Tunaviita vikundi vya ngoma mbele ya mgeni rasmi na kuvipa dakika tano. Bugobogobo, ngoma ya jembe, ilizaliwa kati ya vikundi vya kulima pamoja, asubuhi nzima, safu ya watu ikisogea na mapigo yakibeba uchovu. Mtu aliyeiona kwa dakika tano jukwaani atasifu majembe yanavyoruka. Hataelewa kwa nini yanaruka. Ningependa kila makumbusho ya nchi ya wakulima yawe na shamba, hata robo eka, na wageni wa Novemba wapewe jembe. Ukilima nusu saa kwa mdundo halafu nusu saa bila mdundo, hutahitaji maelezo ya ukutani.

Siku ya mwisho ya Bulabo, jua likishuka upande wa ziwa, nilipanda tena kwenye majengo. Mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na foleni. Watu wa vijijini waliotoka uwanjani, vumbi miguuni, walikuwa wakiangalia vitu vyao. Wengi walisimama kwenye chumba cha hesabu. Pale ukutani imeonyeshwa namna Wasukuma walivyohesabu moja hadi kumi, na si kwa namna moja: kila rika lilikuwa na hesabu yake.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja na mjukuu wa kama miaka minane, aliyevaa sare ya shule ingawa haikuwa siku ya shule.

"Mwadila, mayu," kijana mwongozaji alimwamkia. Ni yule yule wa Machi.

Bibi aliitikia, kisha bila kutazama ukuta akaanza kumhesabia mjukuu ile hesabu aliyoifunzwa alipokuwa msichana. Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka sita. Akasimama. Akarudi mwanzo, akafika sita tena, akasimama tena. Foleni nyuma yetu ikatulia. Bibi mwingine, aliyekuwa karibu na mlango, akapaza sauti akamtajia saba. Wa kwanza akageuka. Akasema hapana, kwao haikuwa hiyo. Wa pili akasisitiza. Wa tatu, aliyekuwa amekaa sakafuni akipumzisha magoti, akasema wote wawili wanachanganya hesabu ya wasichana na ya wachungaji, akaanza upya yeye mwenyewe, na wenziwe wakamfuata, mmoja akimpinga kwenye nane.

Mjukuu aliangalia midomo yao. Kijana akatafuta karatasi mfukoni, akaikosa, akaanza kuandika kwenye kiganja chake.