Asiyekuja Jumuiya, Nani Amzike?

Swali hili huulizwa katika jumuiya zetu mara nyingi kuliko tunavyokiri. Huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya nyumba yenye msiba, wakati vijana wanafunga turubai. Marehemu alibatizwa, alipata Kipaimara, lakini Jumamosi hatukumwona na kadi yake ya zaka ina miezi mitupu. Sasa ndugu zake wamekuja kwa mwenyekiti kuomba barua ya kumpelekea paroko. Tuandike nini?

Sisi tunaoandika haya ni wanajumuiya wa parokia moja ya Dar es Salaam, na swali hilo tuliwahi kulijibu vibaya. Tunasimulia ilivyokuwa kwa kuwa tunadhani wapo wenzetu watakaojiona humo.

Tuanze na haki ya upande wetu, maana ipo. Jumuiya inaishi kwa wanaokuja. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi watu kumi na wawili, wakizidi sana kumi na watano, wanakaa kwenye mkeka na viti vya kuazima. Wanasali, wanasoma Injili ya Dominika inayofuata, wanatafakari, wanatoa sadaka, kisha katibu anaita majina. Ni walewale wanaosafisha kanisa zamu ikifika, walewale wanaochangia saruji, walewale wanaokesha msibani na kusugua masufuria kunapokucha. Mtu aliyechoka kiasi hicho akiambiwa aache shughuli zake akamzike jirani asiyewahi kuja hata kusema Tumsifu Yesu Kristo, moyo wake unauliza, na hatuoni dhambi katika kuuliza. Kulitegemeza Kanisa ni mojawapo ya amri za Kanisa. Na tuseme ukweli, wapo wanaoifanya jumuiya kama bima: mwaka mzima hawaonekani, ndoa ya binti ikikaribia wanalipa zaka ya miaka mitatu kwa mkupuo na kudai barua siku hiyohiyo.

Sasa habari yenyewe. Mtaani kwetu alikuwapo mama muuza samaki, mjane. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyowaita mama wote. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshatoka kwenda Feri kuwahi mnada, na Jumamosi ndiyo siku iliyomlipa kuliko zote, kwa hiyo saa ya jumuiya ilimkuta huko kati ya ndoo za vibua. Jioni alikaanga samaki kando ya barabara. Dominika alisali Misa ya kwanza, kiti cha nyuma karibu na mlango, akaondoka baada ya baraka.

Alifariki ghafla, katikati ya juma. Mwanawe alikuja kwa mwenyekiti usiku, na mwenyekiti akatuita. Tulikuwa saba sebuleni. Daftari la mahudhurio likafunguliwa. Jina lake lilikuwamo, na mbele ya jina hapakuwa na alama hata moja ya vema kwa miaka miwili. Kadi ya zaka ilikuwa na malipo machache yaliyorukaruka. Mmoja wetu alisema, "Tukimwandikia huyu, Jumamosi ijayo nani atakuja?" Hakuna aliyepinga. Tulimjibu kijana kwamba kwa utaratibu hatuwezi kumtambua mama yake kuwa mwanajumuiya hai. Jibu lilikuwa sahihi neno kwa neno.

Kijana hakubishana. Alizikwa siku ya pili yake, bila Misa. Katekista mmoja mstaafu alisikia, akaja mwenyewe na kitabu chake cha sala, akaongoza ibada kaburini. Baadhi yetu tulikwenda, lakini kama majirani tu. Kina mama waliacha vitenge vyao vya WAWATA nyumbani. Tulisimama nyuma, na hatukuimba.

Paroko alipata habari baadaye, maana hakuna aliyemfikishia ombi. Alituuliza jambo moja tu: "Kwani hamkumfahamu?"

Tulimfahamu. Hapo ndipo tulipoanza kuona aibu. Samaki wa sikukuu ya somo wa jumuiya yetu tulimwagiza yeye, na kila mwaka alituongezea bila kutudai. Mama mmoja kati yetu alipolazwa hospitali wiki mbili, watoto wake walikula jikoni kwa yule muuza samaki, wakifuliwa na sare za shule. Mama huyo alikuwa miongoni mwa wale saba sebuleni. Daftari letu halikuwa na safu ya kuandika mambo kama hayo, nasi tulisoma daftari.

Tumefikiri sana juu ya ile barua. Ilianzaje? Parokia ya mjini ina waamini maelfu, na padre hawezi kuwajua wote. Anahitaji mtu wa mtaani atakayesema: huyu ni wetu, tunamjua, anakaa nyumba ile, alibatizwa, watoto wake ni hawa. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuazimia kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walitaka Kanisa ambalo mtu hapotei ndani ya umati. Barua ya jumuiya ingepaswa kuwa tunda la azimio hilo, ushuhuda wa jirani kwa jirani. Mikononi mwetu imekuwa hati ya kutokuwa na deni. Tuliulizwa kama tunamfahamu, tukajibu kama analipa na kuhudhuria. Hayo ni maswali mawili, na tumeyachanganya kwa muda mrefu hata hatusikii tena tofauti yake.

Sheria ya Kanisa yenyewe ni pana kuliko utaratibu wetu. Kanuni ya 1176 inasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya kikanisa. Ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa, kama hawakuonyesha dalili ya toba: walioasi imani waziwazi, wazushi na wenye kufarakana na Kanisa; waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani; na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Penye shaka, askofu aulizwe. Tulisoma orodha hiyo pamoja, polepole, Jumamosi moja. Hatukukuta aliyekuwa Feri.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituletea kitabu cha Tobiti, na hapo tulikaa zaidi. Wengi tunamkumbuka Tobiti kwa kuzika wafu. Tunachosahau ni jinsi kitabu kinavyoanza. Ujanani Tobiti alikuwa mtu wa mahudhurio kamili: ndugu zake wa kabila la Naftali walimtolea sadaka yule ndama, naye peke yake akapanda kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu, na zaka yake ilikuwa kamili. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kufungua daftari, ni yeye. Kisha wote wakachukuliwa uhamishoni Ninawi, na maiti za watu wa taifa lake zikawa zinatupwa nyuma ya ukuta. Tobiti alizichukua na kuzizika. Hatusomi kwamba aliuliza ni nani kati yao alikwenda Yerusalemu na nani alibaki na ndama. Baadaye, siku ya Pentekoste, chakula kikiwa mezani, alisikia kwamba mmoja ameuawa na kuachwa sokoni. Aliacha chakula bila kukionja, akaenda. Majirani zake walimcheka.

Kuzika wafu ni tendo la huruma, na Kanisa linalihesabu pamoja na kumlisha mwenye njaa. Tukilifanya kuwa malipo ya mahudhurio, basi tumeshalitoa kwenye huruma tukaliweka kwenye biashara, na biashara yenyewe haina mnunuzi, kwa kuwa maiti halipi. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ilituita Familia ya Mungu. Nasi tunajua familia zetu zinavyofanya. Mtoto aliyepotelea mjini miaka ishirini, asiyetuma hata senti, akifa ndugu watakopa nauli ya gari ili alale kwao. Watamsema sana njiani, lakini watamleta.

Kuna jambo jingine tunaliona kwa uchungu. Miaka miwili ile safu ikiwa tupu, hakuna aliyekwenda kumuuliza kwa nini haji. Hakuna aliyependekeza tubadili saa. Utupu wa lile daftari ulikuwa wa kwake na wa kwetu pia, lakini tuliuandika kwa jina lake peke yake.

Hatujapatana hadi leo. Wapo kati yetu wanaoshikilia kwamba bila ukali jumuiya itakufa, na hatuwezi kuwathibitishia kwamba haitakufa. Tumehamisha sala kwenda Dominika jioni. Wamekuja wanne tusiowazoea, na wawili wa zamani wametoroka. Mwenyekiti sasa haandiki barua ya msiba kabla ya kwenda mwenyewe kukaa na wafiwa.

Siku ya arobaini tulimwomba paroko nia ya Misa kwa ajili ya yule mama. Tulijaza viti vitatu vya mbele, na safari hii vitenge vilivaliwa. Mwanawe alikuja. Tulimpa bahasha ya rambirambi baada ya baraka, akaipokea kwa mikono miwili, akatushukuru kwa adabu. Lakini wakati wa Misa tulikuwa tumemwachia nafasi katikati yetu, naye alikwenda kukaa nyuma, karibu na mlango.