Bonde Ndani ya Chumba

Kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na familia, akae jioni nzima akitengeneza kabichi isiyozidi punje ya mtama kwa ajili ya kijiji cha mfano chenye reli ndogo? Jibu linalokuja upesi ni kwamba anajifurahisha. Ni kweli, lakini halitoshi. Anayetafuta furaha tu angeridhika na kibonge cha rangi ya kijani, kwa kuwa kabichi hiyo itatazamwa kutoka mbali, nyuma ya kioo, na mtu aliyekuja kuangalia treni. Huyu haridhiki. Anataka majani yake yakunjane kama yanavyokunjana shambani. Kuna kitu anachokidai, na hakidai kwa watazamaji.

Mfano ninaourudia kila nikifikiri jambo hili ni makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, Uingereza. Aliyeyaanzisha mwaka 1954, Roye England, alikuwa mtu wa Australia aliyefika nchini humo mwaka 1925 akiwa kijana mpenda reli. Reli ilimleta, bonde likamshika. Katika bonde la Vale of White Horse aliona nyumba za kale za wakulima zikibadilika mbele ya macho yake, ezeko la nyasi likitolewa na vigae vya asbesto vikipanda mahali pake. Akaamua kulitengeneza bonde hilo kwa kipimo cha 1:76, kama lilivyokuwa kati ya vita viwili vya dunia. Katika kipimo hicho mtu wa kimo cha kawaida hafiki urefu wa milimita 25, na kilomita nzima ya barabara inatosha ndani ya hatua chache za ukumbi.

Wanaoifanya kazi hii wanalo neno moja lisilowatoka mdomoni: usahihi. Ni nini hasa? Si kufanana tu, maana picha ya haraka nayo hufanana. Nadhani usahihi ni kukiacha kitu kiwe kilivyo wakati una uwezo wote wa kukibadilisha. Mkono unaojenga nyumba ndogo ungeweza kunyoosha ukuta uliopinda, kuongeza dirisha, kuupamba mlango. Hakuna wa kuuzuia. Ukuta ukibaki umepinda, ni kwa sababu mtengenezaji ameamua kwamba upindaji ule si kosa lililomsubiri yeye alirekebishe. Ni historia ya nyumba ya mtu mwingine. Baadhi ya nyumba za Pendon zina hata vyumba vya ndani vilivyopambwa, ambavyo mgeni hupata kuviona kwa shida kupitia dirisha dogo kuliko ukucha. Je, ni kazi ya bure? Ingekuwa bure kama thamani ya kitu ingekuwa ni kiasi kinachotazamwa. Lakini katika maisha yetu ya kila siku hatupimi hivyo. Nyumba ya jirani ina vyumba ambavyo hatutaviingia kamwe, na heshima yetu kwake inatokana kwa sehemu na kujua kwamba vipo.

Hapa lipo tatizo ambalo siwezi kulipita. Kila nyumba katika bonde la Pendon ilipimwa kutoka kwenye nyumba halisi, lakini kijiji chenyewe hakikuwahi kuwepo. Nyumba zilitoka vijiji mbalimbali, zikawekwa pamoja kando ya njia moja. Basi ni kweli au ni uongo? Kwa muda mrefu nilidhani ni udhaifu wa kazi hiyo. Sasa nauona mpango ule kama kukiri: mtu hawezi kubeba mahali pote, kwa hiyo anachagua, na kuchagua kwake kunamhukumu. Kumbukumbu zetu wenyewe hufanya hivyohivyo, ila bila kupima wala kuweka michoro.

Pingamizi zito zaidi ni hili. Nyumba ndogo haivuji. Wanasesere waliosimama kwenye bustani zake hawaugui kikohozi cha unyevu, wala hawana deni kwa mwenye shamba. Je, si kwamba anayelipenda bonde namna hii analipenda kwa sababu hakulazimika kuishi humo? Mwenye kulala chini ya makuti yanayovuja hawezi kulaumiwa kwa kununua mabati, na anayepita njiani akisikitikia uzuri wa makuti anasikitika kwa gharama ya mwenzake. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wanajua maana ya kukaa ndani ya kitu ambacho wengine wanataka kisibadilike: hata dirisha lako mwenyewe hulibadilishi upendavyo. Sisemi hifadhi hiyo ni kosa. Nasema ina bei, na bei hulipwa na anayeishi pale.

Ndipo ninapoona hekima ya udogo. Roye England hakuwa na haki ya kumwambia mama wa nyumba inayovuja aendelee kuweka ndoo chini ya ezeko. Alichokuwa nacho ni mikono yake na miaka yake, akavitoa hivyo. Alihifadhi bila kumzuia mtu kuendelea na maisha. Hii ni namna adimu ya upendo wa vitu vya kale, upendo unaolipa deni lake wenyewe, na mimi naipa heshima kubwa kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu urithi.

Na deni si dogo, kwa sababu kazi haikubali kupunguzwa kwa kipimo. Ukishusha urefu, upana na kimo mara 76, ujazo wa nyumba unapungua zaidi ya mara 400,000, lakini saa za mjenzi hazipungui hata moja. Nyumba moja inaweza kula miaka ya jioni za mtu. Katika Miniatur Wunderland ya Hamburg, maonyesho ya miji na reli za mfano yaliyofunguliwa mwaka 2001, usiku huingia kila baada ya dakika 15, taa zikawaka mji mzima, na wageni hufurahi. Huo ni muda wa mtazamaji. Muda wa mtengenezaji haujawahi kufupishwa na yeyote.

Roye England alifariki mwaka 1995. Kazi inaendelea mikononi mwa watu wa kujitolea, wengi wao waliozaliwa baada ya bonde lile la miaka ya 1930 kutoweka. Hawana la kukumbuka. Wanafuata picha, vipimo na maandishi, na pale ushahidi unaposema ukuta ulikuwa na ufa, wanauweka ufa.